Wageni waache wapi gari? Namna ya kuweka maegesho kwenye kasha lako

"Mangi, njoo uwaone watu wako. Wamenikanyagia masale."

Simu hiyo iliingia saa nane mchana, gari langu likiwa juu ya jeki kwa fundi pale Majengo, Moshi. Aliyepiga ni mzee mmoja wa Uru ambaye kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, kiko chini kidogo ya mahali nilipoficha kasha langu la kwanza la geocaching, mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa kufuata GPS. Kwa asiyejua Uchagani, masale ni mmea wa majani marefu unaopandwa kuwa mpaka kati ya kihamba na kihamba. Mtu akitaka kuomba msamaha mzito hupeleka jani la masale, na ukipelekewa ni vigumu sana kukataa. Kwa hiyo tairi la Prado ya kukodi likipita juu yake, haihesabiwi kama limepita juu ya nyasi.

Hao watu wangu walikuwa mke na mume, watalii. Walifanya ambacho yeyote angefanya: walifungua kasha langu kwenye simu, wakabonyeza waelekezwe, ramani ikawapeleka kwenye njia iliyo karibu zaidi na zile namba. Njia yenyewe ni ya miguu na mbuzi, na pikipiki ikibidi. Walipofika mwisho hapakuwa na pa kugeuzia. Wakarudi kinyumenyume, na tairi la nyuma la kushoto likalala juu ya mpaka wa watu.

Niliwalaumu wageni kutoka Majengo mpaka Uru. Nilipofika nikaiona ile njia kwa macho ya dereva mgeni, nikanyamaza. Kosa lilikuwa la mwenye kasha, yaani mimi, niliyesema kitu kimefichwa wapi bila kusema gari liachwe wapi. Kesho yake nilirudi kwa mzee na jani la masale na kilo mbili za sukari.

Kama mchezo huu ni mgeni kwako: mtu anaficha chombo chenye daftari ndani, anaweka namba za GPS mtandaoni, wengine wanakuja kukitafuta, wanasaini, wanakirudisha palepale. Ulianza Marekani Mei 2000, siku moja baada ya serikali yao kuacha kuvuruga kwa makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia. Mtu anayeitwa Dave Ulmer akaacha ndoo msituni huko Oregon, akatangaza ilipo, watu wakaifuata. Mimi ni dereva wa watalii, na niliuokotea kazini, 2013, kwa wastaafu wawili wa Kijerumani walioniomba nisimame mahali ambapo hapakuwa na tembo wala twiga. Nilidhani wanataka kuchimba dawa. Wakarudi na kopo.

Namba za kasha ni za miguu

Hili likikuingia, mengine yote ni kazi ndogo. Viwianishi vya kasha, yaani zile namba za GPS, vinamwambia mtu asimame wapi akiwa amefika. Havimwambii apite wapi. Mshale wa simu unapima kama ndege anavyoruka, na huku mlimani hakuna ndege anayelipia petroli. Migongo ya Kilimanjaro imekatwa na makorongo yanayoshuka kutoka juu. Mgongo wa pili unauona, unasikia hata redio ya watu wa kule, simu inasema mita 300, lakini kwa gari inabidi ushuke hadi barabara ya chini ndipo upande tena upande wa pili.

Au chukua Ziwa Chala. Ni shimo la volkano, kingo zake zimesimama, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji. Mtu akifuata mshale tu anaweza kuambiwa zimebaki mita 900, na ni kweli zimebaki, ila kati yake na kitu anachokitafuta kuna ziwa zima na nchi ya watu.

Ndiyo maana kasha linahitaji namba za aina mbili: za kasha na za maegesho. Za maegesho huziandiki kwa kuangalia picha ya setilaiti ukiwa umekaa sebuleni. Unaendesha mwenyewe.

Kuchagua mahali

Mahali pa kwanza nilipopachagua baada ya kesi ya masale palikuwa pazuri mno, na hilo lilitakiwa linishtue. Ukingo mpana wa nyasi, tambarare, kivuli. Nikasema magari matatu yanaenea. Kabla ya kuandika chochote nikashuka na fimbo, nikaanza kuchomachoma. Hatua ya nne fimbo ikazama hadi mkononi. Chini ya nyasi kulikuwa na mfongo, ule mfereji wa maji wa mababu unaoshuka kutoka mlimani kunyweshea migomba, uliofunikwa na majani kiasi kwamba huuoni. Land Cruiser ingeingia tairi mbili. Fimbo ni kifaa cha kwanza cha kazi hii, kabla ya simu.

Mahali pa pili palikuwa chini ya mparachichi. Nilipaki, nikaenda kupima njia, niliporudi kioo cha mbele kilikuwa na ufa kama utando wa buibui, na parachichi lenyewe limekaa kwenye wiper bila aibu. Tangu siku hiyo huwa naangalia juu pia. Mti wenye matunda, mti mkavu, nguzo ya umeme iliyoinama: hapana.

Mahali pa tatu ndipo palipo leo, uani kwa mama mmoja mwenye duka kabla ya daraja. Hapo kazi ilikuwa ya mdomo kuliko ya macho. Nilimwona mama mwenyewe kwanza, halafu balozi, nikawaeleza mchezo wote, nikawaonyesha kopo na daftari. Mama aliuliza maswali mawili tu: watu hao watakuja usiku? na nani atalipa wakinivunjia ngazi? Nikamwambia nitaandika wasije baada ya saa kumi na mbili jioni, na ngazi ni juu yangu. Tukakubaliana shilingi 1,000 kwa gari, analipwa yeye mkononi. Ni bei ndogo sana kwa usalama unaopata. Gari lililo uani kwa mtu lina mwenyeji, na lililo pembeni mwa njia halina.

Ukishapata mahali pa kujaribu, jiulize kama mtu asiyewahi kuendesha Uchagani anaweza kugeuza hapo bila kurudi nyuma zaidi ya mara mbili. Mimi nageuza popote, ni kazi yangu, kwa hiyo mimi si kipimo. Huwa namchukua shemeji yangu ambaye amepata leseni mwaka juzi. Yeye akigeuza bila kutoa jasho, mahali panafaa.

Kisha rudi siku nyingine, tena na tena. Eneo lililo wazi Jumanne linaweza kuwa gulio Alhamisi. Uwanja wa kanisa ni mzuri siku sita za wiki. Kiwanja cha mpira kinageuka turubai la msiba au la kipaimara bila kumtaarifu mtu wa mtandaoni. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, barabara yenyewe inaweza kuwa imechimbwa, na watu wenye majembe hawatafurahi kuona mgeni anapiga honi. Na Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani, njia zote za vihamba hujaa magari kutoka Dar, hata mimi huwa natembea. Mlango wa shule na wa zahanati usiuandike kabisa, hata kama umekaa saa nzima ukaona hapapiti kitu.

Ndani ya hifadhi ni habari nyingine. Huwezi kuacha kopo porini kwa sababu tu gari lilipata pa kukaa. Kasha linahitaji ruhusa ya mwenye eneo, awe mzee wa kihamba au taasisi ya serikali. Kwa sehemu za namna hiyo kuna makasha ya kijiolojia yasiyo na chombo, ambapo mtu anafika, anaangalia miamba au maji, anajibu maswali. Hayo nayo yanahitaji maegesho, tena zaidi, kwa sababu watu hukaa muda mrefu wakibishana juu ya mawe.

Kupima

Simama pale mlango wa dereva utakapofunguka. Usisimame barabarani ukakadiria. Weka simu juu ya boneti, iache itulie dakika kadhaa, ndipo usome. Chini ya migomba na mikahawa iliyobanana, au kando ya bati, namba hucheza, kwa hiyo mimi husoma mara tatu, nikienda na kurudi, nikachukua ya katikati. Nikipata moja iliyoruka mbali na wenzake naitupa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nimeona watu wazima wakipotezana. Geocaching.com, tovuti ya mchezo huu, inaandika viwianishi kwa digrii na dakika zenye desimali, mfano S 03° 20.415. Ramani ya kawaida ya simu mara nyingi inakupa digrii peke yake zenye desimali. Ukihamisha kwa macho ukaandika 3.20415, umeshapotea. Hizo 20.415 ni dakika, na dakika 60 ndizo digrii moja. Gawanya 20.415 kwa 60, unapata 0.34025, kwa hiyo namba sahihi ni 3.34025. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Zidisha kwa kilomita 111, ambazo ndizo takriban digrii moja kutoka kusini kwenda kaskazini, utaona ni kilomita 15. Mtu uliyetaka apaki Moshi mjini umempandisha kuelekea mlimani, na hiyo ni kwa namba ya kusini peke yake. Ya mashariki nayo ina hesabu yake.

Na sisi wa kusini mwa ikweta tuna deni lingine: alama ya kutoa. Ni -3.34025. Ukiisahau, Moshi yako inahamia kaskazini mwa Kenya, upande wa jangwa la Chalbi, si mbali na North Horr. Nimewahi kutumiwa na mgeni "hoteli yangu" ya namna hiyo. Nilimpigia kumuuliza kama analala na ngamia.

Tarakimu ya mwisho katika zile desimali tatu za dakika ina thamani ya kama mita 1.85, hatua mbili tatu za mtu. Kwa maegesho hiyo inatosha na kubaki. Usijisumbue kutafuta zaidi.

Kabla hujaondoka, tembea kutoka kwenye gari mpaka kwenye kasha ukiwa umewasha kipimo cha njia. Kwangu mshale unasema mita 280. Miguu inasema 640, dakika kumi na mbili kupanda. Andika ya miguu. Mzee wa miaka 70 anayeamua kama atashuka garini au atasubiri, anaamua kwa namba hiyo.

Kuandika kwenye ukurasa wa kasha

Sehemu hii ni ya haraka. Unapotengeneza kasha, kuna mahali pa kuongeza nukta za ziada. Chagua aina ya maegesho, weka namba, iache ionekane na wote. Nukta zinaweza kufichwa, nimeshaona mtu kaficha maegesho, sijui alikuwa anamficha nani. Ile kanuni ya kuacha mita 161 kati ya chombo na chombo haigusi maegesho, kwa sababu hapo hujaacha kitu. Kama njia ya miguu inaanzia mbali na gari, ongeza nukta ya pili ya mwanzo wa njia. Kisha weka alama zinazohusika: kuna ya maegesho jirani, kuna ya malipo, kuna ya usafiri wa umma. Wahakiki wa kujitolea wanaopitia makasha kabla hayajatoka huuliza maswali machache wakikuta haya yamekaa sawa.

Kazi yenyewe iko kwenye maelezo ya nukta. Haya ndiyo yangu, karibu neno kwa neno:

"Ukiacha lami, panda kilomita 2.3 za changarawe. Paki uani kwa mama wa duka la bluu, kulia, kabla ya daraja. Magari mawili. Shilingi 1,000, mlipe mama mwenyewe. Usivuke daraja na gari: ng'ambo hakuna pa kugeuzia. Basi dogo liache kwenye lami. Masika, gari dogo la mjini pia liache kwenye lami. Usije baada ya saa 12 jioni. Kwa miguu mita 640. Ukipotea uliza 'dukani kwa mama, darajani', usimwonyeshe mtu namba."

Hiyo sentensi ya mwisho ilinichukua mwaka kuijua. Mgeni alikuwa anamwonyesha kijana wa bodaboda skrini yenye digrii na dakika, kijana anaitikia kwa heshima, halafu anampeleka kokote. Namba ni za simu kwa simu. Kwa mtu, toa jina ambalo mtaa unalitumia. Naandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ila hilo jina la kuuliza naliacha Kiswahili pande zote mbili, mgeni alisome hivyohivyo kwa shida yake.

Usiandike kitu kinachofichua kasha lenyewe, na usiandike kitu kinachomfundisha mwizi. "Hakuna mlinzi lakini watu huacha gari saa tatu" ni tangazo la kazi.

Kama hufiki bila kuzungumzia mvua, weka nukta mbili. Njia ya kwenda kwenye chemchemi ya Chemka kutokea Boma Ng'ombe ni mfano mzuri. (Jina lisikudanganye, maji yale hayachemki, ni ya uvuguvugu tu.) Kiangazi unakula vumbi na unafika. Masika ile ardhi inashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Kasha la sehemu kama hiyo linataka maegesho ya kiangazi na maegesho ya masika, na yaitwe hivyo.

Ukiwa wewe ndiye unayetafuta

Usibonyeze kasha, bonyeza nukta yenye herufi P ndipo uombe kuelekezwa. Kama haipo, soma yaliyoandikwa na waliotangulia, kwa kawaida kuna mmoja aliyelalamika kuhusu gari, na malalamiko yake ndiyo ramani yako. Kama nayo hayapo, simama kwenye barabara ambayo daladala zinapita, uliza, utembee. Begi liingize kwenye buti kabla hujafika, sio pale unapopaki huku watoto kumi wanakuangalia. Na usipaki mahali ulipoambiwa kama pamejaa ukidhani utabana. Hakuna aliyekulazimisha kusaini daftari siku hiyo.

Kurudi kukagua

Nakwenda mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya Krismasi, hata kama hakuna aliyelalamika. Mwaka jana daraja liliwekewa nguzo mbili kuzuia malori ya mchanga, na Prado ilikuwa inapita kwa kufinya vioo vya pembeni. Hakuna mtafutaji aliyeniandikia. Mama wa duka ndiye aliyenipigia, maana ndiye anayewaona.

Juzi amepiga tena. Anajenga fremu mbili uani, ngazi ile aliyokuwa anaiogopea imeshavunjwa na mafundi wake mwenyewe, na nafasi iliyobaki ni ya gari moja. Nikaenda na fimbo na shemeji, tukapima upya. Mlango wa dereva umesogea mita 11 kusini, tarakimu ya mwisho imetoka 3 ikawa 9. Nimebadilisha maelezo: "Gari moja tu. Ukikuta jingine, rudi mita 400 hadi kiwanja cha kanisa, isipokuwa Jumapili." Bei bado 1,000, ingawa mama ameniambia fremu zikikamilika tutazungumza.